Marufuku ya Kuugua

Wanaosema watu wa kijiji cha Mahindi Mbili ni wakaidi hawajui kitu. Walipokatazwa kuugua, waliacha kuugua, na aliyewakataza ni Rahab, mama yake Wanyoike, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke ambaye akikwambia nyamaza hata chafya inarudi ndani.

Alikuwa na sababu. Zahanati yao, huko juu ya Naitiri, ina mhudumu mmoja tu: Naim, kijana wa Kitale mjini, muuguzi kwa cheti lakini daktari kwa kila mtu, maana huku anayeshika sindano ni daktari. Siku moja, baada ya kutibu watu tisini, aliketi kwenye ngazi saa kumi jioni, mandazi ya asubuhi bado mkononi, akasema, "Nikiendelea hivi, nitarudi kwa mzee wangu nikauze viatu."

Rahab alisikia. Beth, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya miezi minane. Uchungu ukimshika na Naim hayupo, ni kupanda pikipiki kwenye matope hadi hospitali ya Lugulu, na Rahab alishawahi kumzika mjukuu aliyezaliwa njiani. Hakutaka wa pili. Hapana, bana, hapana.

Jumapili, baada ya kanisa, akatoa amri. Kikohozi, tangawizi. Homa, panadol ya dukani. Kiuno na mgongo visitajwe kabisa. Wenye mimba na watoto wachanga wapite. Wengine wamwache daktari wa watu apumzike. Akachukua kiti chake, akakaa mwenyewe kwenye kona ya zahanati, akachuja watu kama chai. Wakoli alikuja na kidole cha mguu kilichovimba, akarudishwa.

"Kidole si ugonjwa, baba Nekesa. Si una vingine tisa?"

Loo, Naim alinawiri! Kwa wiki tatu alikula chakula cha mchana saa ya mchana. Alipanda mboga ya sukuma wiki nyuma ya zahanati, akaanza hata kuimba. Rahab alimsikia kutoka pale konani, akajipongeza kama aliyemzaa.

Halafu Jumanne moja Naim akamjia na simu mkononi, uso umemshuka. Rejista ilikuwa imesomwa kule ofisi ya afya ya kaunti, ikaonekana wagonjwa wamepungua kutoka mia nne kwa wiki hadi kumi na mmoja.

"Wanasema hapa hakuna wagonjwa, Mama Wanyoike. Nahamishwa. Afisa anakuja Alhamisi kujionea, kisha naondoka."

"Ati unahamishwa kwa sababu tumepona?"

"Ndiyo."

"Basi si tutaugua!"

Alhamisi Mahindi Mbili iliugua yote. Kufikia saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika kwenye kinu cha posho. Rahab alikuwa amegawa magonjwa nyumba kwa nyumba, na tumbo alikuwa amewapa watu wengi mno, lakini muda haukutosha kurekebisha. Ciru alikohoa vizuri mpaka watu wakampigia makofi. Mzee Kiragu aliingia akichechemea mguu wa kulia, akaitwa jina, akainuka akichechemea wa kushoto. Bi Suad, afisa mwenyewe, mwanamke wa miwani asiyecheka ovyo, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Mzee, miguu yako inashika zamu?"

"Ni uzee, mama," Kiragu akajibu bila haya.

Rahab akaona mambo yanaharibika. Akajishika kichwa, akaliita jina la Yesu, akaanguka, taratibu, mahali palipokuwa na mkeka. Beth, tumbo mbele, alicheka hadi akajiziba mdomo kwa leso.

Wakambeba hadi kitandani. Naim akamfunga mkono kwa mashine ya presha. "Mnaniaibisha," akamnong'oneza. Mashine ikavuma, ikanyamaza. Akaitazama. Akapima tena. Akamwita Bi Suad, naye akapima mkono wa pili, kisha akarudia ule wa kwanza.

"Mia moja tisini na nane," akasema Bi Suad.

Rahab akamkonyeza Naim. Kumbe kijana ameingia kwenye mchezo! "Ongeza kidogo," akanong'ona. "Weka mia mbili."

Naim hakucheka. "Mama Wanyoike, usiinuke. Hii ni presha ya kweli. Kichwa kinakuuma tangu lini?"

Rahab alitaka kusema hakiumi. Lakini kilikuwa kimemuuma wiki tatu nzima, pale pale konani, naye akakinywea tangawizi kwa kutii amri yake mwenyewe. Akaogopa, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kuigiza.

Bi Suad akavua koti, akavaa glavu. Wawili hao walipima foleni nzima mpaka alasiri, na mchezo ukawageukia watu. Kiragu na miguu yake ya zamu alikuwa na sukari. Kikohozi cha Ciru kilitaka vipimo. Kidole cha Wakoli, ambaye hakuwa amepewa ugonjwa wowote, kilinuka. Watu walicheka kwa woga, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie.

"Naim habanduki hapa," Bi Suad akasema mwishoni, rejista juu ya goti. "Muuguzi wa pili siwezi kuwaahidi. Nitamwombea nafasi, nitapiga kelele. Lakini niambieni, watu wanaumwa hivi wiki tatu nzima. Nani aliwazuia kuja?"

Foleni nzima ikatazama viatu. Walimpenda Rahab, na kumwogopa pia.

Rahab alikuwa bado amelala kitandani, mashine ya presha imefungwa tena mkononi, Beth akimpepea. Akainua ule mkono usio na mashine.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa namwekea mtoto wetu daktari."