Mazishi ya Meneja

Napenda kuutangazia umma, kwa masikitiko makubwa na kichwa kilichoinama, kwamba meneja wa Malkia alifariki dunia Jumatatu jioni. Nilimuua mimi, nikiwa uwanjani, kati ya kona na penalti.

Malkia ni mwimbaji wa kwenye tamthilia, mwenye wachumba watatu na haya hana. Huonyeshwa jioni, saa ambayo shangazi yangu bado yuko saluni, nao wateja wake, mafundi cherehani wa kiwandani, wako zamu. Niliporudi likizo kutoka bweni akanipa kazi: nitazame, nimsimulie, naye asubuhi awasimulie wateja. Saluni ya jirani ilikuwa imeweka televisheni, na wengine walishaanza kuvuka barabara. Waliobaki walibakishwa na hadithi.

Nilikubali kwa heshima zote. Kisha kila jioni nikaenda mpirani, na nikirudi namsimulia lililonijia kichwani. Malkia akajifungua mapacha. Mchumba mmoja akagundulika ni kaka yake. Meneja aliponichosha, nikamwangusha na ndege. Shangazi alilia mpaka chakula kikaungua.

Jumatano nilipompelekea chai, nilimkuta mama mmoja kitini, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama wima.

"Shoga," alikuwa akimwambia shangazi, "huyo meneja mliyemzika nimemwona jana kwenye televisheni ya jirani. Anajaribu suti ya harusi."

Shangazi akatoa kitana mdomoni, taratibu. Akasema mtoto wa kaka yake anasoma bweni, hawezi kudanganya. Kwenye benchi, fundi mmoja akachukua mkoba wake akainuka.

"Profesa, baba," shangazi akaniita kwa ile sauti laini inayotangulia kofi. "Meneja yuko hai au amekufa?"

Nikaeleza kwamba, kitaalamu, kuna vifo vya muda. Fundi akafika mlangoni. Shangazi alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anautazama ule mkoba.

"Shangazi, sijatazama hata siku moja," nikasema. "Nilikuwa mpirani. Ndege, kaka, vyote nimetunga."

Fundi akageuka. "Na mapacha?"

"Na mapacha."

Akarudi, akaketi, mkoba akaupakata. "Haya, malizia. Baba yao nani?"

"Mjibu mteja," shangazi akasema, kitana akiwa amekielekeza puani kwangu.

Hapo ikanibidi nikiri na la pili: hata mimi sikuwa nikijua.