Msusi na Mpira Mwekundu

Kwa miaka thelathini Mama alisuka vichwa vya watu, na moshi wa jiko alilochemshia maji ya kuwaoshea nywele ukamla mapafu kidogo kidogo. Sasa akiinua mikono, pumzi inamkatikia kabla ya mstari wa pili. Wateja wakahama mmoja mmoja.

"Nisiposuka, mimi ni nani?" alimwuliza binti yake.

Binti akamshika mkono. Akampeleka kliniki.

Mtaalamu wa mazoezi, kijana mwembamba, alimpa mkanda wa mpira mwekundu. Unaukanyaga katikati, unavuta ncha mpaka mabegani. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena.

"Huu si wa kufungia mizigo?"

"Na hiyo mikono si mizigo, mama?"

Alicheka mpaka akakohoa.

Kila asubuhi alivuta, hata siku ambazo kuvaa tu kulimchosha. Baada ya wiki tatu mikono ilikuwa imepata nguvu, lakini pumzi bado ilimkimbia. Binti akaketi mbele yake, akamkazia macho kifuani. Ndipo akaona. Mama akivuta, anabana pumzi. Ni kazi iliyomzoesha hivyo: msusi akichora njia kati ya nywele kwa ncha ya kitana hapumui, mkono usije ukatikisika.

"Mama, umebana pumzi."

"Nipumue njia ipinde?"

"Hapa hakuna njia. Vuta huku unapuliza, kama chai ya moto."

"Nimekuzaa mwenyewe, leo unanifundisha kupumua."

Lakini akapuliza.

Wiki ya tisa alimwita binti akae chini, kati ya magoti yake. Mistari kumi na miwili, alisema. Binti akaketi, akainamisha kichwa. Kila njia ilipochorwa, pumzi ndefu ya uvuguvugu ilimpita kisogoni. Kila baada ya mistari miwili Mama aliweka viwiko juu ya mabega ya binti, akatulia, akaendelea. Kazi ya saa moja ikala saa tatu.

Kwenye kioo, mstari wa saba ulikuwa umepinda kidogo. Binti hakuwahi kupenda mstari wowote kama alivyoupenda ule.

"Niufumue nirudie?"

"Ukiufumua nahamia kwa msusi mwingine."

Mama akapangusa kitana, taratibu, huku akipuliza.

"Kamwambie jirani," alisema, "kesho nina nafasi ya kichwa kimoja. Kimoja tu. Na asije na haraka zake."