Bunduki Isiyo na Bolti

Jumamosi ile Omollo alitoka nyumbani kwake Kensington, Johannesburg, kwenda kununua karatasi za msasa, akamwambia mkewe abandike maji ya chai, na hakurudi. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwende alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Alipofika alikuta wamemfunika mumewe kwa koti la mlinzi, na msichana wa kaunta akamkabidhi ile misasa ndani ya mfuko wa plastiki, haraka haraka, kana kwamba ilikuwa inamchoma mikono.

Walimsafirisha, wakamzika kwao Ugenya, Kenya. Mwende akarudi Johannesburg, binti yao Fiona akarudi chuoni Cape Town, na nyumba ikabaki na mtu mmoja na sefu moja.

Ndani ya sefu hiyo, ukutani kwenye chumba cha kulala, mlikuwa na mtutu na chuma cha bunduki kuukuu ya kijeshi. Ilikuwa ya aina ile aliyoibeba babu yake Omollo alipopelekwa Burma na Waingereza. Babu alirudi kutoka vitani na kikohozi, basi. Hata kofia hakuachiwa. Omollo, ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta za benki na hakuwahi kuwinda hata sungura, aliikuta hiyo bunduki Johannesburg, akahangaika mpaka akapata leseni, akaileta nyumbani. Haikuwa nzima. Haikuwa na magazini, wala kionea cha nyuma, wala bolti, yaani kile kipande kinachoifunga risasi ndani ili ipigwe. Mbao yake ya mbele mtu alikuwa ameikata. Kwa miaka mingi Omollo alishinda gereji kila Jumamosi akiunga mbao na kuisugua. Ukimuuliza, alisema, "Nitaimaliza."

Ndiyo maana mwanasheria wa mirathi alipomuuliza Mwende kama marehemu aliacha silaha yoyote, alijibu hapana bila kusita. Alidhani anaulizwa habari za bunduki. Ile kwake ilikuwa vyuma vya Omollo.

Aliyemtoa usingizini ni Placide, fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, aliyekuwa rafiki wa Omollo kanisani. Alikuja kumjulia hali, akataja ile bunduki, Mwende akamweleza alivyojibu. Placide aliweka kikombe chini.

"Mama Fiona! Ulisema hakuna?"

"Si haiwezi kupiga, Placide? Haina hata pa kuweka risasi."

"Kwetu tulikimbiaka vijana wenye walikuwa na bunduki zenye hazina risasi. Nani angesimama kuangalia? Bunduki iko bunduki. Hata polisi ya hapa itakuambia vile vile."

Tangu hapo Mwende hakulala vizuri. Ombi lake la ukaazi wa kudumu lilikuwa bado mikononi mwa serikali. Aliona jinsi ambavyo lingetupwa: mjane wa kigeni, silaha isiyo na mwenyewe, na mdomo wake mwenyewe uliosema hapana. Gari likipunguza mwendo karibu na lango, alizima televisheni na kusikiliza. Mwishowe akampigia mwanasheria, akasema ukweli. Yule bwana akamwambia arekebishe mara moja. Kulikuwa na njia tatu. Mtu mwenye haki ya kumiliki aichukue kwa leseni yake. Au isalimishwe iharibiwe. Au fundi aliyesajiliwa aiue kabisa, mtutu uzibwe kwa kuchomelewa, isiweze kupiga tena milele, ndipo ibaki nyumbani.

"Na usikae nayo, mama. Ipeleke kwa fundi wa bunduki, nenda moja kwa moja, ukiwa na karatasi zote."

Owuor, mdogo wake Omollo aliyeishi Midrand, hakuona tatizo lolote alipopigiwa simu.

"Shemeji, mbona unatetemeka? Mimi ni raia hapa, leseni nitaipata. Mwambie yule fundi Mreno wa kaka aikamilishe, niichukue. Babu hakupigana Burma na nusu ya bunduki!"

"Na kama haifai kutengenezwa?"

"Akisema haifai, tafuta fundi mwingine. Wewe Mkamba, ninyi si ndio mnajaa jeshini? Unaogopa chuma?"

Mwende alitaka kucheka, akashindwa.

Wakaenda na Placide mchana, bunduki ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi ndani ya buti la gari, mbao kando yake. Fundi aliitwa André, mzee wa Kireno aliyezaliwa Msumbiji, mwenye karakana Rosettenville. Hawakuwa mbali na kwake walipoona koni barabarani na askari wakisimamisha magari.

"Yesu," Mwende alisema.

"Endesha tu. Usigeuke. Mwenye anageuka ndiye wanafuata."

Askari mwanamke aliinama dirishani, akaangalia leseni ya Mwende, akaangalia diski ya leseni ya gari kwenye kioo. Akalizunguka gari taratibu hadi nyuma, na pale akasimama. Mwende alishika bahasha ya karatasi mapajani, akarudia moyoni maneno ya mwanasheria, yakamtoka kichwani yote. Placide alikuwa akiimba pambio kwa sauti ya mbu. Askari akarudi.

"Mama, taa yako ya breki ya kushoto imekufa."

"Nitaitengeneza, afisa."

"Leo."

"Leo leo."

Walipofika roboti iliyofuata, yaani taa za barabarani, Placide ndipo alipopumua. "Eish. Minaona miaka yangu tano imebaki pale."

André aliwakaribisha kwa kahawa nzito, akafungua blanketi mezani bila haraka. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake. Aliangaza tochi ndani ya mtutu, akafunga jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu. Mwende alimtazama usoni jinsi mtu anavyomtazama daktari mwenye picha ya eksirei. Aliomba asikie neno moja tu: haifai. Neno hilo lingemaliza mambo, na asingelazimika kuamua chochote.

"Ungeniuliza siku mumeo alipoinunua," André alisema, "ningekwambia itupe. Mbao iliyokatwa, vipande havipo. Ukishavitafuta vyote unakuwa umegharamika kuliko bei ya bunduki nzima." Akapitisha kidole juu ya mbao. "Lakini angalia alivyoiunga. Mimi ni fundi, na hapa sioni kiungo. Mtutu una kutu kidogo tu, mistari ya ndani inayoizungusha risasi bado ni mizima. Magazini na kionea ninavyo."

"Na bolti?" Mwende aliuliza.

André alifungua sanduku la chuma nyuma yake, akatoa kipande kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Akakisukuma ndani ya bunduki, akakilaza. Kililia *klak*, na Placide akaruka kidogo kitini.

"Inakaa. Nimeipima. Wiki moja, na inapiga."

"Umeipata lini?"

"Zamani, mama. Mumeo aliijua."

Mwende hakuelewa, na André akaliona hilo. Akaeleza polepole. Alimwita Omollo siku ile ile bolti ilipopatikana. Omollo alikuja mbio, akaiweka mahali pake, akaivuta na kuisukuma mara moja, akatabasamu, akaitoa. Akasema, bado, mzee, niwekee. Tangu hapo alikuwa akija, anakunywa kahawa, anaomba kuiona, anaondoka.

"Nikamtisha kwamba nitamuuzia mtu mwingine. Akasema, 'Siwezi kuichukua. Mke wangu alisema siku bunduki hiyo ikiweza kupiga, yeye anahamia kwa dada yake.'"

Mwende alilikumbuka neno hilo. Alilisema jikoni akisukuma chapati, siku bunduki ilipoingia nyumbani, na wote wawili wakacheka mpaka Omollo akakaa chini. Yeye akalisahau kabla chapati hazijaiva.

"Sina hata dada," alisema.

Placide aliangalia sakafu.

"Kuiziba inawezekana," André alisema baadaye. "Lakini ujue ni nini. Nikishachomelea, hakuna kurudi. Usije kesho ukaniambia umebadili mawazo. Chuma hiki kimebakisha wiki moja kiwe kizima."

Simu ikaita. Owuor.

"Shemeji, amesemaje? Inafaa?"

"Inafaa. Kila kitu kipo."

"Asante Mungu! Basi aanze."

Mwende aliitazama bunduki mezani na bolti ndani yake. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na sura ya bunduki kweli. Owuor angeitunza, angewaonyesha wageni. Lakini ile iliyokuwa gerejini miaka yote isingekuwepo tena.

"Namwambia aizibe, Owuor."

"Aizibe nini?"

"Mtutu. Itabaki kwangu, kama alivyoiacha."

"Unaua kitu cha babu!"

"Babu hakuishika hii. Kaka yako ndiye aliyeishika."

Simu ikakatika. Mwende aliiweka mezani kifudifudi, akamgeukia André.

"Hiyo bolti itoe, mzee. Sitaki izibwe ikiwa nayo."

André akaivuta taratibu, akaifunga tena kwenye kitambaa chake. Mwende akatia sahihi alipoonyeshwa. Kalamu iliteleza, akalazimika kuirudia sahihi mara ya pili.

Owuor hajapiga simu tangu siku hiyo. Mtutu umeshachomelewa. Bunduki iko Rosettenville ikisubiri cheti cha kwamba haiwezi kupiga tena, na kikitoka Mwende na Placide wataifuata.