Dumu Lililonyimwa Pumzi

Mtaani walimwita Koki. Alikuwa fundi bomba, na sifa yake ilikuwa moja: akiziba, kimezibika. Mtihani wake ulikuwa mama mkwe. Tangu harusi ya bintiye, mama yule hakuwahi kumsifu kwa lolote, na Koki, mtu mzima na kipara chake, ilimuuma. Aliposikia mama anakuja kuwatembelea, na kwamba pombe ya asali ndiyo udhaifu wake, akaapa kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Akachanganya asali na maji ya uvuguvugu, akatia hamira, akamimina kwenye dumu.

“Kifuniko usikikaze,” mkewe akamwonya. “Lazima ipumue.”

Basi ikapumua. Ssss, ssss, usiku na mchana, pale kwenye kona ya sebule. Koki akavumilia kwa wiki kadhaa, akisaga meno. Lakini asubuhi ya ugeni uvumilivu ukamwishia. Mama mkwe aje asikie kitu kinavuja nyumbani kwa fundi bomba? Si ataondoka na la kusimulia! Mkewe alipotoka kwenda sokoni, akazungusha utepe wa mabomba kwenye mdomo wa dumu, akaweka mpira, akakaza kwa spana. Kimya. Akajipongeza, masikini wa Mungu.

Mama alipoketi mezani, dumu lilikuwa limevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Koki akaliona, akainuka. Hakufika.

Paa! Kifuniko kikagonga dari, pombe ikarukia kuta, mapazia na kilemba cha mama mkwe. Koki akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akajifuta uso polepole. Akalamba midomo. Akalamba tena.

“Nani katengeneza hii?”

“Mimi, mama.”

“Na nani kakaza kifuniko?”

“Ni... mimi pia.”

Mama akacheka hadi machozi, akasogeza bilauri yake. “Haya, nimiminie iliyobaki. Tamu, mwanangu. Nikirudi nikute nyingine.”

Mwanangu! Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo.

Kesho yake dumu jipya likaanza kulia kwenye kona ileile. Ssss. Mkono wa Koki ukaenda kwenye spana wenyewe. Akaitazama, akampa mkewe aifiche, kisha akavuta kiti karibu na dumu, akakaa kusikiliza linavyovuja.