Waya wa Benzi ya Mzee Ampofo

Mzee Ampofo alikuwa amejitanda kitambaa cheusi cha msiba, bega moja wazi, na jasho lilimtiririka. Halikuwa la joto. Benzi yake ilikuwa imeishiwa nguvu hapa Suame, mtaa wa mafundi magari, na mama mkwe wake alikuwa azikwe saa sita kule Mampong. Tena alikuwa na shemeji yake Agyeman, kaka wa mkewe, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akielezwa kwamba gari hili ni Mjerumani mtupu, kuanzia taa hadi ekzosi. Kumbe injini ilikuwa ya Kijapani. Ampofo aliiweka kimyakimya ile ya kwanza ilipokufa.

Dufie, fundi umeme, alifungua sanduku lake. Kompyuta yake ya kupimia ilikuwa moja, lakini kila aina ya gari la zamani ina waya wake.

"Benzi hii. Basi waya wa duara." Akachomeka. Kompyuta ikanyamaza.

"Jaribu tena, binti yangu."

Akajaribu. Kimya. Akapapasa nyuma ya betri, mkono ukagusa tundu dogo la pembe nne lililozungushiwa utepe. Akamtazama mzee, akatabasamu.

"Mzee, mgonjwa wako namsemesha Kijerumani, hajibu. Alisoma shule gani?"

Ampofo akamkonyeza. Dufie akajifanya hakuona.

"Waya wako mbovu!" akafoka mzee.

"Mzima kabisa, asubuhi nimeupimia magari mawili. Chagua: nichomeke ninaoujua mimi, au niwaitie gari la kuwavuta mpaka msibani?"

Kuvutwa hadi ukweni, siku ya mazishi! Ampofo akainamisha kichwa.

"Chomeka wa Kijapani."

Kompyuta ikaamka papo hapo: kihisi cha hewa ya injini kimechafuka, kazi ya dakika kumi. Agyeman alicheka mpaka akashikilia mlango.

"Haya, cheka," Ampofo akanung'unika.

"Shemeji, kicheko hiki nimekibana miaka kumi na mmoja! Mafundi waliokubadilishia injini walikuwa wakila kenke, ule ugali mchachu, kwa mama, wakamsimulia. Jioni ileile akatuita wote. Akasema, atakayemtania mkwe wangu asikanyage kwangu."

Kumbe mama alijua! Kila Jumapili mama yule alikaa kiti cha mbele, akiwapungia watu, akitamba kwamba mkwewe kampeleka kanisani kwa Benzi.

Ampofo akavuta pindo la kitambaa, akajifunika uso. Tangu mama afariki hakuwa amelia. Sasa alilia kwa sauti, katikati ya karakana, na Agyeman akaacha kucheka, akamshika mkono.