Siku Meneja Alipoendesha

Mbwa wa fundi wa mapazia alipewa jina la Meneja na wifi mdogo, mke wa mdogo wake fundi. Wanawake hao wawili walishona pamoja kwenye chumba cha mbele, na mbwa yule alikuwa na tabia ya kulala chini ya meza ya kukatia, kidevu juu ya miguu, akiwatazama wanavyohangaika na vitambaa. Wakizidiwa na kazi, yeye hupiga miayo. Kazi hagusi, ila mlo haumpiti.

Kwa hiyo asubuhi ile alipoletewa bakuli lake akageuza uso, fundi alijua kuna jambo. Hakupata hata nafasi ya kuuliza. Meneja alisimama, akakunja mgongo, akatapika povu la manjano juu ya kiatu cha fundi. Fundi akakimbilia tambara, na kabla hajarudi, nyuma nako kukafunguka. Wifi aliruka akanyakua jora la mahameli la mteja, akapanda nalo juu ya kiti kama mtu aliyekimbia mafuriko.

"Wifi, huyu amekula nini?" fundi aliuliza.

"Sijui," alisema wifi kutoka juu ya kiti, haraka kidogo kuliko kawaida.

Fundi alipiga simu kwa daktari wa mifugo. Akapokea binti wa mapokezi.

"Samahani dada, Meneja anaendesha tangu asubuhi."

"Anaendesha kwenda wapi?"

"Haendi popote. Anaendeshea hapa hapa ndani."

"Mama, hapa tunatibu wanyama. Huyo meneja wenu mpelekeni hospitali."

"Meneja ni mbwa."

Fundi alisikia mdomo wa simu ukizibwa kwa kiganja, na nyuma ya kiganja mtu anacheka hadi anakohoa. Kisha akaja daktari mwenyewe, sauti yake haina mzaha. Kuna damu? Hakuna. Anakunywa maji? Anaramba ramba. Fizi zake ni za waridi au zimepauka? Fundi akainua mdomo wa Meneja, ambaye alimtazama kwa aibu. Za waridi.

"Kuna kitu anaweza kuwa amemeza? Kamba, uzi, sindano?"

Fundi alitazama sakafu ya chumba. Nyuzi zilikuwa kila kona, na vishikizo vya mapazia vimezagaa chini ya cherehani. "Viko kila mahali hapa," alisema.

"Mlete," alisema daktari. "Na msimpe maziwa, wala dawa za watu."

Wifi, aliyekuwa ameshateremka na kikombe cha maziwa mkononi, alikificha taratibu nyuma ya mgongo.

Teksi ya kwanza ilisimama, dereva akamwona abiria alivyo, akaondoka bila kuaga. Ya pili haikusimama. Fundi alikuwa bado kando ya barabara, amembeba Meneja ndani ya pazia kuukuu la bafuni, ndipo gari la mafunzo likapiga honi nyuma yake. Alikuwa amesahau kabisa kuwa ni saa yake ya somo la udereva.

Mwalimu wake alikuwa mwanamume mwembamba, mchache wa maneno, mpenda usafi. Viti vya gari lake bado vilikuwa na nailoni za dukani.

"Mwalimu, nisamehe, leo hakuna somo," alisema fundi, machozi yakimlenga. "Meneja anaendesha."

Mwalimu alimtazama yeye, akamtazama mbwa, akatazama nailoni zake.

"Basi akuachie zamu na wewe," akasema. "Ingieni."

Wifi akaingia nyuma na mgonjwa. Fundi, kwa mazoea tu, akajikuta ameketi kwenye usukani. Aliposhtuka, Meneja alishaguna mguno mrefu ambao haukuhitaji mkalimani, na hakuna aliyetaka kupoteza muda kubadilishana viti.

"Twende hivyo hivyo," alisema mwalimu, akiweka mguu kwenye breki yake ya akiba. "Taratibu."

Fundi kuendesha mbele alikuwa anaweza. Kilichomshinda ni kuegesha kati ya magari mawili. Katika mtihani wa kwanza aliligonga pipa, na katika wa pili mtahini mwenyewe aliomba ashuke. Sasa, hawajafika hata kwenye mzunguko, nyuma kikasikika kilio chembamba kama cha bawaba iliyokosa mafuta.

"Wifi, ananyanyuka," alisema wifi. "Simama. Simama sasa hivi."

Nafasi ilikuwa moja tu, kati ya lori la matofali na gari dogo jeupe. Fundi hakufikiri. Indiketa, rivasi, usukani wote kushoto, usukani wote kulia, gari likaingia kama mkono ndani ya glovu. Mlango ukafunguliwa, Meneja akateremshwa kwenye nyasi, akamaliza shughuli yake akiwa amewapa mgongo kwa heshima.

Mwalimu alishuka akatazama matairi. Yalikuwa yamenyooka sambamba na ukingo wa barabara. "Nani amekufundisha hivi?" aliuliza.

Walisimama tena mbele ya benki, ambapo mlinzi alikuja mbio kuwafukuza, akaona, akaziba pua, akarudi mwenyewe. Wakasimama tena karibu na shule. Kila mara fundi aliingiza gari mahali ambapo jana asingeingiza hata baiskeli. Safari ile ya shule wifi alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyebanwa, na fundi naye, pamoja na hofu yote iliyomjaa kifuani, akaangua kicheko hadi akashindwa kutafuta gia. Mwalimu alitazama mbele, mabega yakimtikisika.

Daktari, mwanamke mwenye mikono ya shati iliyokunjwa, alimpandisha Meneja mezani. Akampima joto kwa njia ambayo Meneja aliiona ni utovu wa adabu. Akalibonyeza tumbo taratibu, huku na huku. Lilikuwa laini, halikuvimba.

"Jana alikula nini?"

"Chakula chake tu," alisema fundi. "Na yai. Alinitazama vibaya, nikamwongezea lingine."

Wifi akakohoa. "Mimi nilimpa ngozi za kuku. Na mafuta yaliyobaki kwenye sufuria. Nilidhani hajala."

Daktari akaendelea kuandika. Mlangoni, mwalimu alikuwa anaikagua dari.

"Na soseji," akasema.

Wanawake wote wawili wakageuka.

"Huwa ananibwekea getini," alisema mwalimu kwa sauti ndogo. "Jana nilimletea pakiti. Tumeelewana sana siku hizi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi hapa sioni uzi wala sindano. Naona karamu."

Alimchoma sindano ya kuzuia kutapika, akamwongezea maji chini ya ngozi, kisha akawaeleza: tumbo lipumzike hadi jioni, maji kidogo kidogo, halafu wali laini na nyama ya kuku ya kuchemsha, bila ngozi, bila mafuta, kijiko kwa kijiko. Wakiona damu, au akizidi kulegea, au kutapika kukirudi, wamrudishe mara moja. "Na chaguaneni," aliongeza, "alishwe na mtu mmoja."

Walirudi polepole, Meneja akikoroma mapajani mwa wifi. Jioni alikula wali wake, akaangalia bakuli tupu, akamwangalia fundi kwa jicho lile lile la yai. Fundi akaondoka chumbani kabla moyo haujamlegea.

Kesho yake asubuhi alimfuata uani kwa nyatunyatu. Meneja alizunguka, akanusa, akachagua mahali, akachuchumaa. Fundi akainama kutazama, akamwita wifi, wifi akaja na mswaki mdomoni. Wakasimama pale wakiistaajabia kazi ya Meneja, iliyo ngumu na yenye umbo, kama watu waliotembelea maonyesho.

Wifi akaipiga picha, akamtumia mwalimu.

Jibu likaja papo hapo: "Hongereni sana. Nampongeza Meneja."