Lenzi ya Shaba na Sikio la Salumu

Bakary mpiga picha alikuwa na lenzi mbili, na asubuhi ile katika boma la Lindi alitamani asingekuwa na hata moja.

Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ya shaba, nene kama kinu kidogo, aliyoachiwa na Mgoa aliyemfundisha kazi. Ukiifungua yote, macho ya mtu hung'aa na masikio huyeyuka nyuma kama samli. Ya pili ilikuwa mpya, mali ya serikali. Hiyo haina huruma. Hutoa kila kitu, hadi alama za ndui ya utotoni.

Kwenye kiti barazani alikaa Salumu, kaka yake Adija, mke wa Bakary. Mnyororo shingoni. Alikuwa ametaja jina la uongo, na bomani hakuna aliyejua kwamba ndiye hongo, mjumbe wa vita aliyegawa maji ya dawa vijiji vya Rondo, wala kwamba ni shemeji yake fundi wa picha. Lakini picha ingepanda meli kesho kwenda Kilwa, akaitazame akida mmoja aliyelala huko na jeraha la mkuki. Akida huyo alimjua hongo. Mwaka juzi, Salumu alipopelekwa kwa nguvu kulima pamba, akida alimchapa kiboko kikampasua sikio la kushoto mahali pawili. Uso uliokondeana kwa njaa angeweza kuusahau. Kazi ya mkono wake mwenyewe asingeisahau. Akisema "ndiye," Salumu ni wa kitanzi.

"Unatumia ipi?" Luteni wa Kijerumani aliuliza.

"Hii ya zamani, bwana. Ndiyo ya sura za watu. Ile mpya ni ya majengo."

"Hakika?"

"Bibi yako nilimpiga picha kwa hii, bwana. Alifurahi."

Luteni akaguna, akaenda zake ofisini. Bakary akaingia chini ya kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera alimwona shemeji yake kichwa chini miguu juu, akaisogeza lenzi mpaka ncha ya pua ikaonekana wazi. Sikio likawa moshi. Alhamdulillahi.

"Fundi, mbona jasho hivyo?" askari aliyeshika mnyororo alimcheka.

"Ingia wewe humu uone kama hutapikika."

Pale barazani palikuwa na kivuli, na vioo vya picha vilikuwa vimechoka kwa joto, hivyo ilibidi kuiacha lenzi wazi na kuhesabu hadi nane. Bakary alimwambia mfungwa asijitikise, akaondoa kifuniko. Moja.

Hapo akapita Mzee Yunusu, mchota maji wa boma, na ndoo zake begani. Salumu alilelewa vizuri, na malezi hayaulizi kama una mnyororo. Akainama mbele.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Yunusu masikio yalikuwa mazito. Akasimama, akatua ndoo, akatafuta sauti imetoka wapi. Salumu naye hakuinuka. Hukunjuki kabla ya kuitikiwa. Tano. Sita. Saba.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akufungulie."

Nane.

Katika chumba cha giza Bakary alikiosha kioo cha picha. Sura ikaja. Kwa kule kuinama, pua ilikuwa imepita mahali pake na sikio likaja kukaa pale pale pua ilipokuwa. Uso wote ukungu. Sikio, na mipasuko yake miwili, kama limechongwa kwa kisu. Mlangoni askari alikuwa anakohoa. Akikivunja kioo, ataambiwa apige tena. Akikitoa, amemuua. Akaweka dole gumba juu ya sikio, kwenye utando uliokuwa bado laini, akalisugua likafutika.

Luteni alikiinua kioo kwenye mwanga, mbele ya mfungwa mwenyewe.

"Hii ni nini? Takataka! Weka ile lenzi mpya. Na huyu mlete juani."

"Bwana, ile mpya..."

"Nitasimama hapa hapa."

Bakary akaifunga lenzi mpya kwenye kamera. Akamwendea Salumu juani, akamshika kidevu kumweka sawa.

"Shemeji," Salumu alinong'ona, midomo haichezi, "umenitoa pua kama boga bovu."

"Nyamaza, watasikia."

"Hii nyingine inaonyesha?"

"Inaonyesha kila kitu."

"Basi usichezee tena. Wakikufunga na wewe, Adija atabaki na nani? Nipige vizuri. Utoe nakala mbili, moja umpe yeye."

Bakary akakiachia kidevu. Nyuma yake viatu vya Luteni vilikanyaga kokoto. Bakary alirudi kwenye kamera, akarekebisha lenzi, akaingiza kioo kipya. Salumu akageuza uso kidogo kuelekea lenzi, akakaa wima kama bwana harusi.

Bakary akaondoa kifuniko. Juani, mbili zilitosha. Moja. Mbili.

Salumu hakupepesa hata jicho.